Chewa wa Wageni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Nnajua hamtaziweka, lakini mimi nishasema. Kiswahili changu ni cha Unguja mjini, cha zamani, alichokuja nacho mama yangu sandukuni pamoja na kanga zake na mbuzi ya kukunia nazi. Msipokifahamu waulizeni wazee wenu, na wao wasipokifahamu kosa si langu. Skuli nilikaa kidogo, chuoni kwa Qurani nikakaa zaidi, kwa hivyo msitafute humu maneno ya wasomi. Nataka mjue vipi samaki mmoja alitaka kuuponza msitu mzima, na aliyemleta alikuwa mwanangu wa kumzaa.

Ndiyo, msitu. Wa baharini. Msicheke.

Nyumba yetu iko pwani ya Omani, kusini ya Sur, kwenye kijiji cha wavuvi. Mimi niliolewa hapa nikiwa mgeni, hata kuoga bahari hii naogopa, maana ya kwetu Unguja ilikuwa na mchanga mwororo na hii ina miamba. Watu wa hapa ndio wenye bahari. Babu zao na babu za babu zao wameishi nayo, na wana sheria zao ambazo hazikuandikwa: nani avue wapi, mahali gani papumzishwe, watu wakigombana juu ya mtego nani aamue. Wanaiita sunna ya bahari. Wazee hukaa kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume karibu na msikiti, wakatamka, na likishatamkwa limekwisha.

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga mbizi. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mimi nnalia nataka kurudi kwa mama, yeye akanipeleka mlangoni akanionyesha maji. Akasema chini pale kuna msitu. Mwani wa rangi ya kahawia, mrefu kuliko mtu, umeushika mwamba kama vidole, unayumba na maji. Akanieleza kuwa kiangazi, huku juu tunapoungua, maji ya baridi hupanda kutoka kilindini, na ile baridi ndiyo inayoulisha mwani. Samaki wadogo hulelewa mle ndani, wakubwa hujificha. Jamaa zangu waliokuwa Al Qabil walikuwa na mashamba ya mitende, na mimi nikiona haya kwamba mume wangu hana hata mtende mmoja. Akasema shamba lake ni lile, halitaki kumwagiliwa.

Basi msitu ule ukafa. Haukufa siku moja. Maji yakazidi moto miaka mingine. Nanga zikang'oa. Na madema, ile mitego ya waya inayotumbukizwa chini kama vizimba vya kuku, yakipotea kamba huviringishwa na mawimbi, yakakwangua mwamba kama mtu anayekuna nazi. Mwisho ulibaki mwamba mtupu, na vile vidude vyeusi vya miiba vimejaa, kila chipukizi likitokeza vinalila. Samaki wakahama. Wanaume wakawa wanakwenda mbali zaidi na kurudi na kidogo zaidi. Mume wangu alikufa mwamba una kipara.

Sasa mjukuu wangu, binti mkubwa wa mwanangu, akasomea mambo ya bahari Maskati. Akarudi na wenzake, wanaotesha miche ya mwani ndani ya matangi, wanataka kuurudisha msitu. Mara ya kwanza walikuja na karatasi imechorwa bahari yetu, na ndani yake kisanduku chekundu: hapa pafungwe. Wazee wakawamiminia kahawa, wakawapa tende, wakawapa halwa, wakawaambia Inshallah. Nyinyi mnaoishi huku mnajua Inshallah ya namna ile. Mtoto akaja jikoni kwangu kulia.

Sikumpa leso. Nikamwambia, "Umekwenda kuwafungia watu mlango wa nyumba yao, hujabisha hodi."

Akarudi bila karatasi. Mara hii aliuliza. Akapanda mashua ya baba yake pamoja na mzee mkubwa kuliko wote wa kijiji, ambaye macho yamekwisha lakini bahari anaijua kwa harufu, na mzee ndiye aliyechagua mahali: kuanzia mwamba wa kasa mpaka pale mnara wa msikiti unapoliziba pengo la jabali. Mbali kabisa na kile kisanduku chekundu. Alisema pale ndipo baridi inapopandia. Mjukuu wangu na wenzake wakatia vyombo vyao vya kupimia, wakarudi wamefurahi, na tangu siku hiyo wakawa wanakaa sabla kwanza kabla ya kutia mguu majini.

Wazee wakapafunga pale kwa ulimi, baada ya sala ya Ijumaa. Asitupe mtu dema, wala nyavu, wala ndoana. Mwenye kuvunja, dema lake likatwe pwani mbele ya watu na yeye akae nchi kavu mpaka wazee watakaporidhika. Aliyesimama kuyatangaza maneno hayo kwa sauti alikuwa mwanangu, maana ni nahodha, ana kiti chake kati ya wazee, na koo lake halihitaji kipaza sauti.

Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa kufunga miche. Mche mmoja wa mwani, jiwe moja, unaufunga kwa uzi wa pamba ili uzi uoze wenyewe mwani ukishashika jiwe. Mjukuu wangu akaleta uzi mweupe kutoka Maskati, mbovu, unakatika ukiutazama. Nikautupa. Nyumba gani hapa haina uzi wa kushonea kofia? Kila mwanamke akatoa masalio yake, kila mmoja rangi yake: jirani yangu mwekundu, mke wa mwanangu kijani, mimi wa rangi ya zafarani, ambao kijiji kizima hakuna mwingine anao kwa sababu mimi hununua kwa mtu mmoja Nizwa na simwambii mtu ni nani. Tukakaa kwenye banda la zamani la barafu, miguu ndani ya maji ya chumvi, tukafunga.

Jirani yangu ni mwanamke wa Sur halisi, ulimi kama wembe. Akasema, "Nyinyi Wazinjibari hamwezi kuona kitu bila kukivika kofia. Sasa hata mawe."

Nikamwambia mawe yangu yatavaa vizuri kuliko mumewe. Akacheka mpaka jiwe likamponyoka.

Mjukuu wangu alikuwa akipita katikati yetu akisema mawe hii, mwani hizi. Nikimsahihisha anasema, "Bibi, acha, mawe yenyewe hayajalalamika." Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Vijana wakaviokota vidude vya miiba kwa mikono, mashua zikapeleka mawe, na tukaanza kungoja.

Kungoja mimi siwezi. Daktari wa Ibra alinikataza kusimama sana, akasema miguu itavimba. Nikikaa ndiyo inavimba zaidi. Nilikuwa natoka jikoni nakwenda mlangoni kutazama bahari, narudi jikoni, natia chai, naisahau, natoka tena. Na bahari haionyeshi kitu. Juu ni maji yale yale. Mtu aliyepanda bamia huiona bamia. Sisi tulipanda kitu tusichokiona, na kila upepo ukivuma kwa nguvu nilihisi kama mtu anayafungua mafundo yangu moja moja.

Ukapita mwaka, kiangazi cha pili kikaja, na mjukuu wangu akapiga mbizi akarudi na picha kwenye simu. Nilizitazama nimesimama. Mwani umesimama vilevile kama alivyoniambia marehemu, bado mfupi, lakini umesimama. Na ndani yake samaki wadogo kama mvua. Na chewa mmoja mkubwa, mdomo wazi, ananitazama kama mtu aliyechelewa kulipwa. Nikampa simu yake nikaenda kutia udhu, sikutaka anione uso.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la wageni.

Kuna watu wa pwani nyingine, kusini zaidi, mwendo wa nusu siku kwa gari. Mwamba wao nao umekuwa kipara. Walisikia habari zetu, wakapeleka neno kuwa wazee wao watakuja kuona na kusikia, halafu wataamua kama na wao watafunga sehemu ya bahari yao. Mjukuu wangu akanieleza kwa nini hili lina uzito. Mbegu za mwani huchukuliwa na maji. Msitu wetu peke yake ni mdogo, dhoruba moja inaweza kuufagia. Lakini pwani mbili zikifunga, huu ukifa ule utaulisha. Wale wazee wa kusini walishafunga zamani mara nyingi, na kila mara walifunguliana wenyewe kwa wenyewe, kwa hivyo hawaamini tena. Walimuuliza jambo moja kwenye simu: tangu mfunge, pameguswa? Akawajibu hapajaguswa. Alijibu mbele yangu. Sauti yake haikutetereka.

Watakula nyumbani kwetu, kwa kuwa ndiyo nyumba ya nahodha.

Nilianza kuhangaika siku ya kabla. Niko na msaidizi wangu wa jikoni, binti wa Tanga, mchapa kazi ila mdomo haufungi. Nikamwambia atoe nguru kwenye friza ayayuke. Mwanangu akapita, akamwona yule nguru amekaa kwenye beseni kama gogo, akakunja uso. Kumbe alimwambia binti amrudishe.

Asubuhi nikaamka kabla ya adhana, nikasali, nikaanza kutembea. Mchele nimeuchagua mara mbili. Bizari nimeisaga upya. Mwanangu hayupo, mashua haipo. Nikajisemea amekwenda mbali kutafuta samaki mpya, basi Mungu amsahilishie. Wageni wakawahi. Gari zao zimesimama mlangoni, wazee wanateremka wakinyoosha dishdasha zao, na wakati huo huo mwanangu anapanda kutoka pwani, amembeba chewa begani. Chewa wa kiasi cha mtoto wa miaka mitano. Akapita naye mbele yao polepole, kama anayepita na bibi harusi.

Mzee wao mkubwa akapiga Mashallah. Wote wakapiga Mashallah. Na mimi dirishani, sitawaficha, nilifurahi. Moyo ulitulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

Binti wa Tanga akamweka chewa kwenye bomba la nje. Nikatoka kutafuta kisu kikubwa, nikapita karibu na dema ambalo mwanangu amelitupa uani, ubavu mmoja umepinda. Jicho langu likaona rangi. Nikainama, na miaka yangu hii mimi siinami bure. Kwenye waya umejiviringisha uzi wa zafarani, haujamaliza kuoza, na kwenye uzi umening'inia mzizi wa mwani bado mbichi, umekumbatia kipande cha jiwe.

Fundo ni langu. Mimi hufunga mara mbili halafu narudi nyuma, alinifundisha mama kwenye vishikizo.

Nikaufungua, nikauweka kwenye pindo la kanga. Nikaingia jikoni, nikatoka. Nikaenda mpaka kwenye mlango wa nyuma nikarudi. Binti akaniuliza, "Bibi, tunamkata mapande au tunamchoma mzima?" Nikamwambia asimguse. Akasema maji ya wali yanachemka. Nikamwambia yaache yachemke.

Nikamwita mwanangu nyuma ya jiko, pale inapokaa mitungi ya gesi. Ni mtu mzima, ana mvi, lakini alipoiona kanga yangu nimeishika pindo alisimama wima kama alivyokuwa akisimama akivunja kitu.

Nikamuuliza dema lilikuwa wapi.

Hakunidanganya, hilo namshukuru. Akasema, "Mama, watu wametoka mbali. Nimwekee mgeni nguru wa friza? Uso wangu nitauweka wapi?"

Nikamuuliza neno alilolitangaza mwenyewe Ijumaa ile lilikuwa la nani.

"Bahari tumejifungia sisi," akasema. "Hatukumfungia mgeni. Mgeni ana haki yake. Ni mmoja tu, mama. Na nimelitumbukiza pembeni, pembeni kabisa."

Na msidhani alikuwa anatafuta maneno. Aliamini. Mtu wa huku anaweza kujinyima mwaka mzima, akafunga mdomo wake na wa watoto wake, lakini mgeni akibisha hodi atachinja mbuzi wa mwisho na kuomba radhi kuwa si ngamia. Nimeishi nao, nimezaa nao, na mimi mwenyewe nilifurahi dirishani. Ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Nikamwambia, "Wamekuja kumwona yule samaki akiwa hai. Wewe unawawekea maiti yake kwenye sinia."

Nikalifungua pindo, nikamtilia uzi kiganjani, na mzizi wake. Sikumwambia afanye nini. Kama sikumlea vya kutosha akajua mwenyewe, maneno ya nyuma ya jiko hayatamsaidia.

Nikarudi ndani. Nguru yuko frizani kama jiwe. Kuku hakuna. Kilichokuwepo ni papa mkavu aliyetundikwa juu ya kabati, nilikuwa nimemweka kwa ajili yangu mwenyewe. Nikamroweka maji ya moto, nikamchambua, tukampika kwa nazi na ndimu na pilipili mbichi. Binti wa Tanga anakuna nazi huku ananong'ona: "Bibi, papa mkavu kwa wageni? Kwetu hata mkopeshaji halishwi hivyo." Nikamwambia akune asiseme. Mke wa mwanangu akaja, akaona sufuria, akatoka, akarudi, akatoka tena. Nyumba nzima ilikuwa inatembea. Mjukuu wangu tu ndiye aliyekaa, kule ukumbini kwenye kona na mwenzake mmoja wa kike, anawaonyesha wazee picha, na wazee wanauliza maswali mazuri. Nilimsikia sauti yake kutoka ushorobani. Ilikuwa na furaha, na mimi nilitamani azime ile simu akimbie.

Masinia yakaingia. Mimi mzee, hakuna wa kunizuia, nikasimama mlangoni.

Mzee wa kusini akatazama sinia. Akautazama wali, akamtazama papa. Mtu mwenye adabu, akasema Bismillahi, akala tonge, akala la pili. Halafu, kwa Kiarabu chao cha kule, uso umetulia kabisa, akamuuliza mwanangu, "Na yule chewa tuliyemwona mlangoni, amekwenda Umra?"

Watu wakacheka. Wazee wetu wakacheka pia, lakini kidogo, maana walikuwa hawakumwona chewa na sasa wanajiuliza chewa gani. Mzee wetu mkubwa, yule asiyeona, akageuza kichwa upande wa mwanangu akangoja.

Mwanangu akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

Akatia mkono mfukoni mwa dishdasha, akautoa ule uzi, akauweka juu ya sufra kati ya masinia. Akasema, "Chewa ni wa msituni. Nimemtoa mimi, leo alfajiri, kwa ajili yenu. Binti yangu hakujua. Alipowaambieni hapajaguswa alisema kweli, na mimi ndiye niliyeifanya iwe uongo."

Mjukuu wangu alisimama, simu mkononi, akapita mbele yangu mlangoni bila kunitazama, akatoka nje mpaka ufukweni. Nilitaka kumfuata. Miguu ikanigomea kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Mzee wa kusini akaosha vidole vyake kwenye bakuli. Akasema neno dogo tu: kumbe hata nyinyi. Hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa neno la mtu aliyekwenda hospitali ya mbali na kuambiwa maradhi yale yale. Wakanywa kahawa, wakashukuru, wakapanda gari zao. Msitu wenyewe hawakwenda kuutazama. Chewa, kwa kuwa kutupa riziki ni haramu, mzee wetu asiyeona aliamuru apelekwe kwa Wabengali wanaotengeneza mashua, na ndio waliomla.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama imewekwa juu ya jiko. Ijumaa, baada ya sala, dema lile lilikatwa pwani. Wazee walitaka kijana mmoja alikate, mwanangu akaichukua koleo mwenyewe. Waya mmoja baada ya mwingine, watu wamesimama, hakuna aliyetia mzaha. Jirani yangu, ambaye sijapata kumwona amekosa neno, alilivuta buibui lake usoni. Kisha mwanangu akakaa nchi kavu. Nyinyi hamjui mvuvi akikaa nchi kavu anakuwaje. Alitengeneza mlango ambao haukuwa mbovu. Alikwenda Al Qabil kusaidia kuvuna tende kwa jamaa zangu, akarudi kabla hazijesha, anasema mitende imesimama sana. Binti yake alikuwa anampa salamu, Shikamoo baba, Marahaba, basi, zaidi ya hapo hakuna. Mimi kati yao napita na vikombe vya chai ambavyo hakuna anayevinywa.

Nilimuuliza mtoto mara moja kama atamsamehe. Akasema, "Bibi, nimeshamsamehe. Lakini wale watu wamekwenda."

Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi wa mchana, na usingizi wa mchana ndio pekee niliobakiwa nao.

Halafu simu ikaja. Mzee wa kusini alimpigia mzee wetu, na mzee wetu akatuma mtu aniite sabla nisimame mlangoni nisikie, jambo ambalo si kawaida. Alisema yule bwana amekaa na watu wake. Amewaambia kwamba wao walipofunga bahari zamani, kila aliyevunja alikuwa na sababu nzuri: mgonjwa, harusi, mgeni. Mgeni hasa. Na hakuna hata mmoja aliyekatiwa dema, kwa kuwa nani atamkatia mtu dema kwa kumkirimu mgeni? Sasa wamesikia kuwa huku amekatiwa nahodha, na amelikata kwa mkono wake, kwa chewa ambaye wageni wenyewe hawakumwonja. Watajaribu. Si pwani yote, ni hori moja tu, kijighuba kidogo. Na watafunga kwa maneno yetu, wakiongeza moja: wala kwa mgeni.

Akaongeza kuwa wanataka mawe yaliyokwisha kufungwa, na mwanamke wa kuwafundisha wake zao kufunga.

Aliyepeleka mawe alikuwa mwanangu. Mashua amekatazwa, pikapu hakukatazwa. Wakapakia matangi nyuma, maji ya chumvi yanamwagika kila wakikanyaga breki, yeye na binti yake mbele, na mimi katikati yao maana nilikataa kubaki. Njia nzima hawakusema la maana. Yeye anauliza maji yanatosha? Binti anasema simamisha, nitazame. Wanasimama, wanateremka wote wawili, wanainamia matangi, wanapanda tena. Karibu na kufika alimwambia baba yake aendeshe polepole, miche bado midogo. Akaendesha polepole mpaka malori yakawa yanatupigia honi. Huko nikawafundisha wanawake wa kusini fundo langu. Uzi wao wa kofia una rangi mbaya, lakini vidole wanavyo. Tulilishwa dengu. Dengu na mkate, na mwenye nyumba hakuomba radhi.

Juzi wametutumia habari kuwa watakuja tena, mara hii kuuona msitu kwa macho yao. Habari ikiwa bado ya moto, nikaona nyumba inaanza tena. Mke wa mwanangu anauliza tupike nini. Binti wa Tanga anatoa masinia makubwa. Mwanangu, ambaye wazee wameshamrudishia mashua, amesimama mlangoni anatazama maji upande wa mwamba wa kasa, na mimi namjua nilivyomzaa. Nikawaita wote uani, mpaka mtoto akatoka na simu yake, nikawaambia nikiwa nimesimama:

"Mgeni atakayeingia nyumba hii, awe mkwe, awe shehe, awe nani, apewe kilichomo jikoni, na papa mkavu awepo siku zote juu ya kabati. Akimuulizia chewa, mwambieni yuko kwake, hajambo, na anayetaka kumsalimu avue viatu, apige mbizi amfuate."